Siku ya Bustani Kijijini: Namna ya Kutembelea Bustani za Watu Mwambao wa Ziwa Victoria

Kuna siku kijiji kinafungua nyua zake. Pengine ni siku ya mkulima iliyoandaliwa na afisa ugani wa kata, pengine ni kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa wameamua kuonyeshana wanachopanda, pengine ni kanisa au shule inachangisha. Kaya sita, nane au kumi zinakubali watu waingie hadi nyuma ya nyumba, waone matuta ya mchicha, kitalu cha nyanya, migomba, magunia yaliyopandwa mboga, na waulize wanachotaka.

Mwongozo huu ni wa mgeni wa siku hiyo, awe ametoka Mwanza mjini, kijiji cha jirani au mbali zaidi. Nimeona wageni wengi wakipita kwenye bustani za watu kama wapitao sokoni: wanasifia, wanapiga picha, wanaondoka bila kujua kwa nini hii imestawi na ya jirani imekauka. Nami nilianza hivyo hivyo. Upande wa Sengerema nilizunguka bustani tisa kwa asubuhi moja, na katika bustani ya mwisho mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeona maji yetu yanatoka wapi?" Sikuwa nimeona. Tangu siku hiyo ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta, na ndilo nitakalolirudia humu, kwa kuwa kandokando ya ziwa hili huwezi kuielewa bustani kabla hujayajua maji yake.

1. Chagua msimu kabla ya kuchagua kijiji

Kwetu mvua za vuli huanza kama Oktoba hadi Desemba, na za masika Machi hadi Mei. Ukienda Aprili kila uwanja ni wa kijani, hata wa mtu asiyejua kushika jembe. Ukitaka kujifunza, nenda kiangazi, Julai au Agosti, nyasi zikiwa zimeshageuka rangi ya mchanga. Bustani yoyote utakayoikuta hai wakati huo ina mtu nyuma yake na ina hesabu ya maji.

Wengi huja Mwanza wakati huo kwa ajili ya Nanenane pale Nyamhongolo. Ni vizuri kupita, utaona mbegu mpya na kuzungumza na wataalamu. Lakini vipando vya maonyesho hupandwa ili vionwe. Bustani ya uwani hupandwa ili iliwe, na mwenyewe atakuonyesha hata lile tuta lililomshinda. Kama una siku mbili, moja itoe kwa kijiji.

Ulizia pia siku ya mnada au gulio la eneo hilo, kwa sababu siku hiyo hutamkuta mtu nyumbani. Jumapili asubuhi wengi wako kanisani. Na kama hukualikwa na mtu unayemfahamu, pitia kwanza ofisi ya kijiji, umsalimu mtendaji au mwenyekiti, uandike jina kwenye kitabu cha wageni. Mgeni aliyepita ofisini hupokelewa bila maswali. Aliyetokea vichochoroni hutazamwa kwa mashaka, na ni haki yao.

2. Usafiri

Kwa vijiji vya Magu, magari yanatoka upande wa Nyamhongolo. Kwa Misungwi, upande wa Nyegezi. Sengerema sasa ni rahisi: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ndefu ya kungoja kivuko Busisi imekwisha. Kivuko cha Kamanga bado kinakufaa ukitokea katikati ya jiji.

Ukerewe unakwenda kwa meli hadi Nansio, safari ya saa tatu hivi, na kutoka kisiwa kikuu unavuka tena kwenda Ukara. Hapo nisikilize vizuri. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa. Ukiona chombo kimejaa, bakia gatini. Bustani zitakuwepo hata kesho.

3. Beba hivi

Viatu vya kufunga au gamboti, kofia, maji yako ya kunywa, daftari, kisu kidogo kikali, mfuko wa kitambaa na chenji ya noti ndogondogo. Beba pia kitu cha mkononi cha kumpa mwenyeji: kilo ya sukari, mche wa sabuni, au pakiti ya mbegu ambayo haipatikani duka la kijijini. Mkono mtupu haulambwi. Mbegu ndiyo zawadi inayokumbukwa kuliko zote, ila hakikisha umetazama tarehe ya kuisha muda wake kwenye pakiti.

4. Kuingia

Hata kama tangazo limesema nyumba ziko wazi, piga hodi, usubiri ukaribishwe. Uwani ndiko watu wanakooga, wanakopika, wanakoanika nguo. Hawakufungua vyote hivyo kwa sababu wamefungua bustani. Wazee uwaamkie shikamoo. Kwenye kaya ya Kisukuma, ukisema "Mwangaluka, mayu" asubuhi au "Mwadila" mchana, utaona uso wa mama unavyofunguka, na jibu la "mhola" litakuja na kigoda. Lakini usidhani kila mtu wa mwambao ni Msukuma. Ukerewe ni kwa Wakerewe, Ukara ni kwa Wakara, na Wajita wako pande zote. Shikamoo haikosei popote.

Keti kwanza. Kunywa uji au chai uliyopewa. Ukiletewa viazi, au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyopikwa na karanga, kula hata kidogo. Ndipo uombe kuonyeshwa bustani, na umwache mwenyeji atangulie. Njia anayoichagua yeye kupita ina maana: ataanza na anachojivunia.

Picha: omba kila mara, na usielekeze simu kwenye watoto, makaburi ya ukoo wala ndani ya nyumba.

5. Fuata maji

Hapa tutakaa kidogo.

Mtu wa mbali akisikia kijiji kiko mita 200 kutoka ziwani hudhani suala la maji limekwisha. Fanya naye hesabu hii. Tuta la mboga la mita 1 kwa mita 10 lina eneo la mita 10 za mraba, na katika jua la kiangazi linahitaji kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 40 hadi 50, yaani madumu mawili hadi mawili na nusu ya lita 20. Mwenye matuta manane anahitaji si chini ya madumu 16, na akiongeza ya kitalu, kuku na mbuzi, yanafika 20. Kila dumu ni kilo 20. Kama ziwa liko mita 200, kwenda na kurudi ni mita 400. Mara 20 ni kilomita 8 kila siku, na kilomita 4 kati ya hizo ni kwa mzigo kichwani, mara nyingi kwa kupanda mwinuko. Ukishaijua hesabu hii hutaitazama tena fungu la mchicha la sokoni kwa jicho la zamani.

Kwa hiyo, ukifika kwenye bustani, kabla ya kutazama jani lolote, uliza maswali matatu. Maji yanatoka wapi: ziwani, kisimani, bomba, au paa la nyumba? Nani anayabeba, na mara ngapi kwa siku? Na yakishamwagwa, mnafanya nini ili yasikauke? Swali la tatu ndilo lenye hazina, kwa kuwa kila kaya ina jibu lake.

Utaona migomba na mipapai imejazana nyuma ya bafu la nje. Hayo ni maji yaliyokwisha kufanya kazi moja na sasa yanafanya ya pili. Utaona gunia lililojazwa udongo na samadi, katikati lina nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, na miche imechomekwa ubavuni. Mwombe mwenyeji akueleze alivyolijaza: wengi huweka kopo lisilo na kitako katikati, wanalijaza mawe, wanazungushia udongo, kisha wanalivuta juu na kuendelea hivyo hivyo hadi gunia lijae. Maji yanayomwagwa juu hushuka kwenye mawe na kusambaa, badala ya kuishia tabaka la juu.

Tazama pia matandazo. Kuna wanaotumia nyasi kavu, maganda ya karanga, majani ya migomba. Wako wanaotumia magugu maji yaliyovunwa ziwani na kukaushwa vizuri juani, na ninawapenda hao kwa moyo wote, kwa jinsi gugu lile lilivyotusumbua tangu lilipoingia ziwani miaka ya mwisho ya 1980. Inua tandazo kwa kidole, gusa udongo chini yake, kisha gusa udongo ulio wazi hatua moja pembeni. Mkono utakueleza tofauti.

Na katika vijiji vyenye majabali, na Mwanza ina majabali kila upande, angalia bustani imekaa wapi kwa kulinganisha na mawe. Jabali halinywi maji ya mvua. Huyamwaga yote chini yake. Mkulima mjanja hupanda pale miguuni pa jabali, na huzungushia kijiwe juu ya kijiwe ili udongo usihame. Nimeona bustani ya namna hiyo ikiwa na majani mabichi wiki tatu baada ya nyingine zote kijijini kunyauka.

Jambo la ukingo wa ziwa nalo ulizie kwa adabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukikuta mtu amelima hadi majini, usianze kumhukumu mbele ya watu, hiyo si kazi ya mgeni. Muulize badala yake yule aliyerudi nyuma ya mita 60 anapataje maji. Mara nyingi utaonyeshwa kisima kifupi au pampu ya kukanyaga kwa miguu, na hilo ndilo la kuandika daftarini.

6. Shika udongo

Wasukuma wana majina ya udongo yanayokueleza mara moja unachoweza kupanda. Luseni ni wa kichanga, mwepisi, maji hupita haraka. Mbuga ni mweusi, mzito, unapasuka kiangazi na kunata masika. Itogolo ni ule wa kijivu wenye tabaka gumu chini. Mwombe mwenyeji autaje wake kwa jina, kisha tazama matuta yake. Kwenye luseni, fundi hutengeneza tuta la kuzama, lililo chini kidogo ya njia, ili kila tone libaki. Kwenye mbuga hulinyanyua juu ili mizizi isizame kwenye maji. Mgeni akiiga tuta bila kuuliza udongo, akirudi nyumbani atapanda na kulia.

7. Maswali ya mbegu na samadi

Kama ni kiangazi, uliza nani anatunza marando, yaani mashina ya viazi vitamu yanayotambaa. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, na marando hufa jua likikaza. Huko bara mbali na maji, mvua za kwanza zikinyesha watu hawana cha kupanda. Wale wa mwambao na wa mabonde yenye unyevu ndio huyaweka hai katika vijituta vidogo vinavyomwagiliwa, na mvua ikifika wao ndio wauzaji. Kijituta cha marando cha mita mbili hakivutii kamera, lakini mara nyingi ndicho chenye thamani kuliko vyote uwani. Uliza kama ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A kwa wingi. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, kimefanya kazi kubwa ya viazi na mihogo ya kanda hii.

Samadi iulize Ukara kama utabahatika kufika. Wakara wamelima kisiwa kidogo chenye watu wengi kwa vizazi bila kukiacha kipumzike, na tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo wamekwenda huko kuandika wanachokiona. Ng'ombe walifungwa nyumbani, wakakatiwa majani na kuletewa, samadi ikakusanywa yote na kupelekwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya mikunde, kisha wakayafukia udongoni kuwa mbolea. Miti ya majani ya kulishia ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja. Keti na mzee wa pale umwulize babu yake alifanyaje. Saa moja na mzee huyo inazidi semina ya siku mbili.

8. Usichochukua na usicholeta

Bustani kumi kwa siku moja ni njia nzuri ya kueneza ugonjwa, kwa hiyo gonga viatu kuondoa udongo kabla ya kuingia uwanja mwingine, na futa kisu chako. Usikate kitu bila kupewa. Pingili za muhogo zisibebwe ovyo, maana magonjwa ya batobato na michirizi kahawia husafiri ndani yake. Machipukizi ya migomba nayo yaache, mnyauko husafiri kwa chipukizi na kwa panga lisilosafishwa. Ukiona majani ya nyanya yana mabaka meupe pale funza walipokula ndani ya jani, hiyo huenda ni kantangaze, nondo mharibifu wa nyanya. Usiyachume ukayabeba kuonyesha jirani, piga picha kwa ruhusa.

Watoto waonye kuhusu ua wa minyaa. Unazunguka nyua nyingi Usukumani, unapendeza, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Asivunje mtu kijiti.

9. Fedha

Huko Uingereza watu walianza mwaka 1927 kufungua bustani za majumbani kwa kiingilio cha shilingi moja ili kuchangia wauguzi wa vijijini. Mwaka huo huo bustani 609 zilifunguliwa na zikapatikana pauni 8,191. Napenda kisa hicho, kwa sababu fedha ilikuwa na kazi inayojulikana. Kijijini kwenu nako ulizia mchango unakwenda wapi, kwenye zahanati, madawati au mfuko wa kikundi, kisha toa bila kusuasua. Miche na mboga nunua kwa bei uliyoambiwa. Umeshajua idadi ya madumu.

10. Ziwani

Utakapomaliza, joto litakuita ukanyage maji. Usikanyage. Kichocho kipo kandokando ya ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono walio kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na huingia kupitia ngozi bila wewe kuhisi kitu. Nawa kwa maji ya mwenyeji. Kama uliwahi kuingia ziwani na baadaye ukaona damu kwenye kinyesi, nenda zahanati upimwe, dawa ipo. Na ukiwa ufukweni mbali na watu, uliza kwanza kuhusu mamba na kiboko.

11. Jioni, na baada ya hapo

Kama unaweza, bakia hadi saa kumi na moja. Wageni wengine watakuwa wameondoka, na hapo ndipo umwagiliaji unaanza. Mwombe mwenyeji akupe dumu na gamboti, ubebe naye safari mbili tu kutoka kisimani. Atakataa kwanza, kwa heshima, mwombe tena. Katika safari hizo mbili nimeambiwa mambo ambayo hakuna aliyeyasema mchana: tuta gani linaachwa maji yakipungua, mboga gani inavumilia siku mbili bila kumwagiliwa (mgagani, karibu kila mara), mtoto yupi ana mkono wa kupanda.

Ukipewa marando, yakate urefu wa sentimita 30 hivi, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu, yaweke kivulini usiku mmoja. Yapande kesho yake jioni, sehemu kubwa ikiwa chini ya udongo, na uyamwagilie. Baada ya wiki mbili mpigie simu aliyekupa, umweleze mangapi yameshika na mangapi yamekufa. Atataka kujua ulimwagilia saa ngapi, na maji uliyatoa wapi.